Makala ya Kumi na Moja

Kamati inakutana Alhamisi saa nne,
nami karani wa masjala nimepewa kazi ya kuhesabu.
Daktari Subilaga Mwandemele: makala hamsini na tisa.
Zimenukuliwa mara elfu tatu mia mbili na nane
hadi jana jioni, kabla umeme haujakatika Sisimba yote.

Nimezipanga kama magunia ya viazi
yanavyopangwa Uyole yakingoja lori:
nono mbele, anapopita mnunuzi,
vidogo nyuma.

Ile ya dozi na uzito wa watoto
peke yake ina mia sita arobaini na moja.
Watu wa Lima, watu wa Seoul, watu wa mji mmoja
ambao jina lake limenishinda kutamka,
wote wanaandika: Mwandemele na wenzake.

Na wenzake!
Nilicheka peke yangu kati ya mafaili.
Mwenzako mmoja ninamjua, Daktari,
ni Ambakisye wa pikipiki
aliyekuwa akiteremka na kasha la barafu kutoka Ilembo,
matope ya Machi magotini,
makohozi ya watu thelathini na wawili mgongoni.
Siku moja alianguka mara mbili. Kasha halikuanguka.
Jina lake nimelitafuta hadi kwenye shukrani,
kule chini, herufi zilipo ndogo kama mayai ya chawa.

Kisha nikaifikia ya kumi na moja.
Kurasa nne.
Jarida lenyewe lilitoka mara tatu likafa.
Inahusu mabenchi, madirisha na kikohozi
katika zahanati za nyanda za juu, majira ya baridi.
Imenukuliwa mara: sifuri.
Miaka kumi na tisa, sifuri.
Hata wewe hujainukuu,
na wewe, samahani, nimehesabu,
umejinukuu mara mia moja na kumi na nne.

Nilitaka kuiruka. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Lakini mimi nimezaliwa Ilembo.
Juni kule watu hufunga kila kitu,
tundu la ufunguo huzibwa kwa tambara,
na wagonjwa hubanana kwenye benchi moja wagawane joto,
na wakishagawana joto
hugawana na kile kingine.
Ukaja na futi kamba, na uzi,
na unyoya wa kuku ukining'inia kwenye uzi.
Siku tisa ulikaa ukitazama unyoya unaelekea wapi.
Sisi watoto tulikuita Mama Unyoya,
tukakuigiza njia nzima hadi kwenye mashamba ya pareto,
tukipuliza manyoya, tukikohoa kwa makusudi.
Siku ya kumi ukawaambia watu wazima:
fungueni dirisha la mashariki,
benchi litoke nje, likae ukutani panapopiga jua.
Walinung'unika sana. Bibi yangu alinung'unika kuliko wote.

Mwezi uliopita nilipanda kwenda kumzika shangazi.
Zahanati ina bati jipya
na muuguzi mpya, binti wa Makete, hata miaka thelathini hajafika.
Benchi liko nje.
Nikamuuliza kwa nini.
Akanitazama kama niliyeuliza
kwa nini ng'ombe hukamuliwa asubuhi.
"Ndivyo tulivyokuta," akasema.
"Anayekohoa hukaa juani."
Jina lako halijui. Nililitaja,
akauliza kama ni diwani.

Fomu ya kamati ina safu nne:
kichwa, jarida, mwaka, idadi.
Nimeitafuta ya tano nyuma ya karatasi. Hakuna.
Basi nimeiacha sifuri ilivyo,
ila hiyo moja nimeiandika kwa mkono,
kwa kalamu ya bluu, polepole,
na duara sikulifunga,
nimeliacha wazi upande wa mashariki.
Mwenyekiti atadhani wino ulikatika.